Picha haina uzito

Najua nimekaa kimya karibu miezi miwili, kazi imenibana. Leo sina somo la kuandika programu wala habari za simu mpya. Leo nina hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe, kwa hivyo nivumilieni.

Kwenye geti la jengo tunalofanyia kazi kuna askari wa zamu ya usiku. Ni mtu mzima, ana wajukuu, sote humwita Mzee tu. Mwanzoni mwa mwezi uliopita nilikuwa nikitoka saa tatu usiku akanisimamisha, akanionyesha sarafu ya shilingi kumi. Ilikuwa moja ya zile za mwaka 2010, zenye sura ya Mzee Kenyatta, kitovu cha rangi ya fedha na pete ya rangi ya dhahabu. Lakini hii ilikuwa ya ajabu. Ilikuwa ndogo kuliko shilingi kumi ya kawaida, imenenepa pembeni, na ukingo wake umejikunja kwa ndani pande zote mpaka ikafanana na kisahani. Hapakuwa na mahali palipobonyea kuliko pengine. Duara safi kabisa.

"Injinia, hii ni nini?"

Nilikuwa nakimbilia matatu. Niliitazama labda sekunde tano, nikamwambia, "Hiyo imekanyagwa na treni, Mzee. Watoto huziweka kwenye reli." Nikaenda zangu.

Jibu hilo lilimgharimu shilingi elfu nne.

Nieleze. Siku chache kabla ya hapo, Mzee alikuwa ameipiga picha ile sarafu kwa simu na kuituma kwa mtu fulani mtandaoni anayejitangaza kuwa mnunuzi wa sarafu adimu. Mnajua matangazo yenyewe. Yanazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kila mwezi, "una sarafu kama hii nyumbani? Wewe ni tajiri na hujui." Jamaa akamjibu dakika hiyo hiyo kwamba hilo ni kosa la kiwanda, sarafu imetoka hivyo tangu siku ya kwanza, ziko chache mno duniani, na yeye yuko tayari kuinunua kwa shilingi 750,000. Kwanza tu Mzee alipie usajili, 2,500. Mzee akalipa.

Sasa nilipomwambia habari za treni, aliingiwa na shaka, akamuuliza mnunuzi. Na mnunuzi akamjibu vizuri sana, tena kwa utulivu. Alisema treni huilaza sarafu na kuitandaza, inakuwa pana na nyembamba. Yako imepungua upana na kunenepa ukingo. Huyo kijana wako hajui anachosema.

Na alikuwa sahihi! Hapo ndipo panaponiuma. Tapeli alikuwa na hoja, mimi mwenye shahada ya sayansi ya tarakilishi nilikuwa na makisio. Mzee akaona ni wazi nani kati yetu ni mtaalamu. Akalipa 4,000 za "cheti cha uhakiki". Wiki mbili baadaye akaja kuniomba nimkopeshe 9,000 za "bima na usafirishaji". Hapo tu ndipo nilipoketi chini na kuuliza mambo ambayo ningeuliza usiku ule wa kwanza.

Neno lenyewe, wasomaji, ni hili. Hakuna mtu awezaye kukuambia kwa picha peke yake ni nini kilichoharibu sarafu. Anayekuambia kwa uhakika ama anakisia au anakuibia, na kwako wewe unayetuma pesa hakuna tofauti kubwa kati ya hao wawili. Picha haina uzito. Picha haina unene. Na bila uzito na kipimo cha upana huna lolote.

Niliichukua sarafu ile nyumbani. Nina mizani ndogo ya aina wanayotumia wauza vito, inasoma hadi sehemu ya mia ya gramu, na nina kalipa niliyonunua nilipokuwa nikichezea vipuri vya roboti. Nikatafuta sarafu nyingine kumi za shilingi kumi za aina ile ile, za kawaida, kutoka kwa mama wa kibanda na mfukoni mwangu. Kwa nini kumi? Kwa sababu ukipima moja tu hujui kama hiyo moja ndiyo yenye kasoro. Zote kumi zilikuwa na uzito wa gramu 5, zikipishana kidogo sana kwa ajili ya kuchakaa, na upana wa milimita 23. Ya Mzee ilikuwa na upana wa milimita 21 kasoro. Unene wa ukingo wake ulikaribia mara mbili ya zile nyingine.

Uzito? Gramu 4.97.

Someni tena hapo. Sarafu imepungua upana kwa milimita 2 na haijapoteza uzito. Maana yake chuma hakikuondoka, kilihama. Kile kilichokuwa nje kimesukumwa ndani na kurundikana ukingoni. Kipimo hicho kimoja, cha dakika mbili, kinafuta nusu ya makisio yote unayoweza kuletewa. Maji ya betri? Hapana, asidi hula chuma na kukiondoa, uzito ungeshuka. Kusuguliwa na tupa au mashine ya fundi? Vivyo hivyo, uzito ungeshuka. Treni? Uzito ungebaki, sawa, lakini upana ungeongezeka. Moto wa kuchoma taka? Nikeli na shaba zikichanganywa haziyeyuki mpaka joto lipite nyuzi 1,000, na hata zikiyeyuka haziwezi kujikunja kwa duara safi namna hiyo na kuacha sura ya Kenyatta ikiwa salama katikati. Nyundo? Nyundo huacha alama za nyundo, hapa na pale, kwa sababu mkono wa binadamu hauwezi kugonga ukingo mara maelfu kwa nguvu zile zile.

Kwa hivyo tulikuwa tunatafuta kitu kinachopiga ukingo peke yake, kidogo kidogo, sawasawa pande zote, mara nyingi mno. Kitu kama hicho si mtu. Ni mashine inayozunguka.

Lakini labda ni mashine ya kiwandani? Ndivyo mnunuzi angesema, na ndivyo Mzee alivyoniambia. "Si umesema mwenyewe ni mashine, Injinia?" Haya, tuingie kiwandani. Sarafu huanza kama kipande tupu cha duara kilichokatwa kutoka kwenye bamba. Kipande hicho hupitishwa kwenye mashine inayobana ukingo wake ili uinuke kidogo. Kisha kinawekwa ndani ya pete ngumu na kupigwa kwa vyuma viwili vya chapa, kimoja juu na kingine chini, kwa pigo zito. Kwa sarafu ya vyuma viwili kama hii yetu, kitovu na pete huunganishwa kwa pigo hilo hilo. Ile pete ngumu ya nje ndiyo inayoamua upana. Chuma kikipigwa hutaka kutoroka pembeni, pete inakizuia.

Angalieni mpangilio wa matukio, kama mnavyosoma faili ya kumbukumbu ya seva. Ukingo huinuliwa kwanza, maandishi hupigwa baadaye. Kwenye sarafu ya Mzee herufi zinazozunguka karibu na ukingo zimekatika, nusu ya chini inaonekana na nusu ya juu haipo. Nilichukua kioo cha kukuzia nikatazama vizuri. Nusu ya juu haijakosekana. Imefunikwa. Chuma cha ukingo kimelala juu yake! Huwezi kufunika herufi ambayo haijaandikwa bado. Kwa hiyo ukingo ulijikunja baada ya sarafu kupigwa chapa, baada ya kutoka kwenye ile pete, baada ya kiwanda kumalizana nayo.

Basi, kosa la kiwanda limekufa. Limeuawa na herufi nusu na kioo cha kukuzia cha shilingi mia mbili.

Najua kuna atakayeniambia makosa ya viwanda yapo na yana thamani. Yapo kweli. Uingereza mwaka 2008 walibadilisha michoro ya sarafu zao, mwaka ukahamishwa kutoka upande mmoja wa senti 20 kwenda upande wa pili. Kiwandani chapa ya zamani ya upande mmoja ikakutanishwa na chapa mpya ya upande mwingine, zikatoka sarafu zisizo na mwaka kabisa, makumi ya maelfu. Kiwanda cha Royal Mint chenyewe kilikiri, na kampuni moja ya London ikawa inatoa pauni 50 kwa kila moja. Lakini tazameni tofauti. Kosa lile lina jina na mahali, unaweza kuonyesha kidole mashine ipi, chapa zipi, mwaka gani. Uzito wake ni wa kawaida, upana ni wa kawaida, herufi ni kali kama za nyingine zote. Basi mtu akikuambia sarafu yako ni kosa la kiwanda, mwulize swali moja tu, hatua ipi? Ni kukata, kuinua ukingo au kupiga chapa? Akishindwa kujibu, funga simu.

Na kumbukeni hata hiyo ya Uingereza yenye sifa dunia nzima ilikuwa pauni 50. Shilingi 750,000 zinatoka wapi?

Jamaa alikuwa na hoja nyingine pia, kwamba sarafu zenye sura "zimefutwa" kwa hivyo zimekuwa adimu. Uongo. Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa zetu, ndiyo, na Desemba 2018 zikatoka sarafu mpya zenye wanyama, twiga, kifaru, simba na ndovu. Lakini kilichofutwa mwaka 2019 ni noti ya zamani ya shilingi 1,000. Sarafu za Kenyatta hazikufutwa, mimi mwenyewe nilipata kumi kwa jioni moja bila kutoka mtaani.

Sasa mashine gani? Hapa sikukisia tena, nilikuwa nimeshaadhibiwa. Nilimwuliza Mzee swali ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza, si mimi, si mnunuzi: sarafu hii ulipewa na nani?

Alikumbuka mara moja. Ilikuwa chenji ya chai, kutoka kwa mama wa kibanda. Mama wa kibanda akasema chenji yake huitoa kwa dobi, pale chini kwenye jengo letu hilo hilo, ile biashara ya kufua nguo kwa kilo. Tukaenda sote wawili asubuhi Mzee alipomaliza zamu.

Nilimwonyesha mwenye duka ile sarafu. Hata hakuishika. Alicheka, akainama chini ya kaunta na kutoa mkebe wa siagi. Ndani mlikuwa na sarafu saba, vifungo viwili na kipande cha zipu. Alisema fundi huzitoa kwenye mashine ya kukausha kila akija kubadilisha mkanda. Nguo zinaletwa na pesa mifukoni, sarafu inaanguka, inapenya kwenye ule mwanya kati ya ngoma inayozunguka na bati la nje, na hapo haitoki. Inasimama kwa ukingo, inabiringishwa na kugongwa mchana kutwa. Ngoma ya mashine kama ile huzunguka mara arobaini na kitu kwa dakika. Tuseme 45. Kwa saa moja ni mara 2,700, kwa siku ya kazi ya saa nane ni mara 21,600, na hapo sarafu yenyewe, kwa kuwa ni ndogo kuliko ngoma, imebiringika mara nyingi zaidi ya hizo. Iache humo miezi kadhaa. Joto halihusiki hata kidogo, ni kugongwa tu.

Mara moja moja yeye huzirudisha kwenye droo ya chenji zile ambazo hazijaharibika sana. Ndivyo ya Mzee ilivyotoka.

Lakini kilichomaliza mjadala si maelezo yangu ya ngoma na mizunguko. Mzee alichukua mkebe, akamwaga sarafu kwenye kaunta, akaanza kuzipanga mwenyewe. Moja ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, ukingo umevimba kidogo tu na herufi zote zinasomeka. Iliyofuata herufi zimeanza kuzama. Kisha mbili zilizofanana kabisa na yake. Kisha shilingi ishirini moja iliyokunjika hadi inaonekana kama kifungo cha koti. Akaiweka ya kwake katikati, mahali pake. Akazitazama kwa muda.

"Kumbe nimelipa elfu sita na mia tano," akasema. Hakusema zaidi.

Sasa nirudi kwetu sisi, watu wa mitambo, maana sikuanza makala hii ili kuwasema matapeli peke yao. Matapeli wako tangu zamani, kazi yao inajulikana. Ni nani aliyemfundisha Mzee kwamba ukiipiga kitu picha na kuituma, jibu litakalorudi ni la kweli? Ni sisi. Tumejenga programu za kutambua mimea kwa picha, magonjwa ya mahindi kwa picha, upele kwa picha. Nyingine ni nzuri, sikatai. Lakini hatukumwambia mtu kwamba kuna maswali ambayo picha haiwezi kuyajibu hata ukiwa na kamera ya gharama gani.

Kwa udadisi nilichukua picha ile ile ya Mzee nikaiweka kwenye programu mbili za akili unde zinazojibu maswali. Ya kwanza iliniambia bila kusita kwamba "inaelekea ni kosa la utengenezaji". Nilipouliza tena kwa maneno mengine, ile ile, picha ile ile, ikasema ni athari ya moto. Ya pili ilinipa orodha ya sababu sita na kuniachia nichague. Hakuna hata moja kati yao iliyoniambia, "weka kwenye mizani kwanza, kisha urudi." Kijana yeyote wa kidato cha pili aliyewahi kuingia maabara ya fizikia angeanza hapo.

Na msicheke, kwa sababu ofisini ndivyo tunavyofanya kazi. Mteja anatuma picha ya skrini iliyogandama, na kabla hajamaliza sentensi mmoja wetu ameshasema "ni mtandao". Mahali fulani nilipofanya kazi zamani, malipo ya wateja yalikuwa yakirudiwa mara mbili, na kwa wiki tatu tuliulaumu mtandao. Wiki tatu! Siku tulipopima, yaani tulipohesabu maombi yaliyotoka na maombi yaliyofika, tulikuta ni programu yetu wenyewe iliyokuwa ikituma tena bila kuangalia kama ombi la kwanza limeshapokewa. Mtandao ulikuwa mzima. Kuna watu walikatwa pesa zao mara mbili huku sisi tukikunywa kahawa na kukisia. "Ni mtandao" na "ni kosa la kiwanda" ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Yote mawili yanataja mahali pa mbali ambapo hakuna atakayekwenda kukagua.

Mimi nilisema "ni treni". Sekunde tano, kwa sauti ya mtu anayejua. Ningemwambia tu "sijui, Mzee, niachie niipime", angebaki na elfu nne zake.

Nilimpa hizo elfu nne. Alikataa. Nikamshikilia, akachukua elfu mbili, akasema zile nyingine ni za ujinga wake mwenyewe. Ile namba ya mnunuzi tuliipiga kutoka simu yangu, ikalia mara mbili, tangu hapo ni mteja. Ukurasa wake nao uko wazi hadi leo ninapoandika. Juzi ameweka picha ya sarafu ya shilingi tano isiyo na kitovu, imebaki pete tupu, na chini yake watu wanaandika "hongera" na kuuliza wafanyeje kujisajili. Kitovu cha sarafu ya vyuma viwili hutoka ukikigonga kwa patasi, wapendwa. Fundi wa baiskeli wa mtaa wetu anazo pete hizo kopo zima, anazitumia kama washa.

Siku ile pale kwa dobi, mwenye duka alimhurumia Mzee, akafungua droo na kumpa shilingi kumi nzima, mpya, ya simba, abadilishane na ile. Mzee aliipokea, akaigeuza pande zote mbili, akapitisha kucha kwenye ukingo, ndipo akaitia mfukoni.